Adapta ya Jirani Hairudi Tupu

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana kompyuta zilikuwa zimeshafika msituni na wanyama walikuwa na nyumba zao, mapazia yao na umbea wao, alikuwako Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo, hana mkia wa kujivunia, na hakipiti kitu mbele yake bila kukiulizia habari.

Pimbi alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoachiwa na bibi yake. Siku moja, pu! Ikatoa moshi, ikazima moja kwa moja.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya kompyuta mna kisanduku cha chuma kiitwacho diski, na ndimo mambo yote yanamotunzwa. Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya bibi yake Pimbi akimwimbia wimbo wa kulala. Bibi mwenyewe alishafariki. Sauti ile haikuwa mahali pengine popote duniani.

"Nitaitoaje humu?" Pimbi akajiuliza, huku akikigonga kisanduku kwa ukucha. Ngo, ngo! "Bibi, unanisikia?"

Majirani wakamwambia dawa yake ni adapta. Ni kijiwaya tu chenye vichwa viwili: kichwa kimoja hung'ata diski ya zamani, kingine huingia kwenye kompyuta mpya, na mambo yote yakahamia huko. Mwuzaji alikuwa mmoja, Ami Kiboko, mwenye mdomo mpana na moyo mpana kuliko mdomo. Mlangoni pake aliandika: USIPORIDHIKA, RUDISHA. HAULIZWI MTU.

Pimbi akatoa kibuyu chake cha asali, akapewa adapta, akakimbia nyumbani kuazima kompyuta ya dada yake. Akachomeka. Kimya. Akaigeuza. Kimya. Akaipuliza, fuuu! Kimya vilevile.

Akairudisha dukani. Ami Kiboko alipomwona, machozi yalimlengalenga.

"Hata wewe, Pimbi? Umeshamaliza kuitumia, sasa unairudisha?"

"Sijaitumia, Ami! Haifanyi kazi hata kidogo. Kwani nani huimaliza halafu akairudisha?"

Kiboko akashusha pumzi, akafungua maboksi yote yaliyokuwa rafuni. Lo! Adapta zote zilikuwa na meno yaliyopinda.

"Hii alinunua Simba," akasema. "Akahamisha mambo yake, kesho yake akairudisha. Nyati naye hivyohivyo, aliisukuma kwa kwato. Fisi ndiye usiseme, waya ameutafuna."

"Na hukuwauliza?"

"Nimeandika mlangoni haulizwi mtu. Ahadi ni deni, mwanangu. Nikawarudishia mali zao: Simba mtungi wake wa asali, Nyati gunia lake la mtama, Fisi debe lake la samli. Sasa Korongo, anayeniletea bidhaa kutoka ng'ambo, anataka vitu kama hivyo ndipo alete adapta mpya. Mimi nina nini? Kibuyu chako kimoja na maboksi ya taka. Ijumaa nafunga duka."

Moyo wa Pimbi ukafanya paa! Duka likifungwa, bibi atabaki ndani ya chuma milele. Akashika sikio lake, akalikuna, akalikuna tena. Alipokuwa akilikuna hivyo, majirani walijua kuna mtu atakayejuta.

"Ami, jirani akikuletea wali kwenye sahani, sahani unairudishaje?"

"Swali gani hilo! Naweka hata ndizi. Sahani ya jirani hairudi tupu, hiyo ndiyo mila yetu."

"Na hawa wakubwa, adapta zako walizirudisha na nini ndani?"

"Tupu kabisa!"

"Labda hazikurudi tupu, Ami," Pimbi akasema. "Ngoja nikaulize."

Huyoo, hadi kwa Nyati. Nyati alikuwa mlinzi wa bwawa, hacheki, hachekeshwi.

"Hodi! Hodi kwa jirani!"

"Nani huyo?"

"Mimi Pimbi. Nimekuja kukupongeza kwa adabu yako. Sahani ya jirani hairudi tupu, na wewe adapta hukuirudisha tupu."

"Mmh! Mimi sikuweka kitu."

"Kwani hukupitisha mambo yako mle?"

"Niliyapitisha. Yakapita, yakaenda."

"Hebu nielimishe, maana mimi napenda kujua," Pimbi akasema kwa upole. "Maji yakipita kwenye mfereji, mfereji hubaki mkavu?"

Nyati akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. "Hapana. Hubaki na unyevunyevu."

"Aaa! Ahsante. Basi najiuliza, atakayeinunua adapta ile baada yako, atakuta unyevunyevu gani?"

Nyati akatoa macho. "Hata... hata mashairi?"

"Mashairi gani?"

"Nani kasema mashairi? Hakuna mashairi! Hakuna mtu anayemwandikia Bi Swala mashairi!"

 Pimbi akaaga kwa heshima, akaenda zake. Nyuma yake akasikia kishindo, kudu, kudu, kudu! Nyati alikuwa anakimbilia dukani na gunia la mtama mgongoni.

Fisi alikuwa kibarazani, akijipepea. Yeye alikuwa amewatangazia wanyama wote kwamba ameacha nyama, siku hizi anakula mchicha tu.

"Bwana Fisi, maji yakipita mferejini..." Pimbi akaanza, akamwuliza maswali yaleyale.

"We! We! We!" Fisi akaruka. "Zile picha za jikoni kwenye arusi ya Nguruwe? Lakini ule mfupa niliushika tu! Niliushika, sikuulamba!"

"Sijaona picha yoyote, bwana. Mimi nauliza tu."

Fisi hakusikia. Alikuwa ameshalikumbatia debe la samli, vumbi linatimka.

Akabaki Simba. Simba alisikiliza habari ya mfereji akiwa amejinyoosha, kisha akakaa wima.

"Unyevunyevu huo," akanong'ona, "una sauti?"

"Hilo ndilo hata mimi najiuliza, Mheshimiwa. Kuna sauti uliyoipitisha?"

"Nilijirekodi. Nilikuwa najifunza kunguruma, koo lilikuwa bovu, basi ikatoka... ikatoka..."

"Ikatokaje, Mheshimiwa?"

"Nyau," Simba akasema kwa sauti ndogo, akaubeba mtungi wa asali, akatoka mbio.

Mlangoni kwa Ami Kiboko wote watatu wakakwama, bega kwa bega, kra! Fremu nusura ing'oke.

"Karibuni," akasema Kiboko kwa mshangao. "Hamjaridhika na nini tena?"

"Tumeridhika!" akapiga kelele Nyati. "Tumeridhika mno! Nipe yangu!"

"Ile iliyotafunwa ni yangu, nimeipenda!" akalia Fisi.

"Na hatuzirudishi tena," akanguruma Simba, safari hii vizuri kabisa.

Ami Kiboko hakumwuliza mtu, kama alivyoandika. Akawapa kila mmoja boksi lake, akabaki na asali, mtama na samli. Walipotoweka, akamgeukia Pimbi, akakohoa kidogo.

"Mwanangu, hivi kweli adapta inakumbuka?"

"Ami, ni waya tu. Haikumbuki hata jina lako."

"Afadhali!" Kiboko akajifuta jasho.

"Kwa nini afadhali? Kwani na wewe ulipitisha nini?"

Kiboko akanyanyua kidole chake kinene, akamwonyesha maandishi ya mlangoni: HAULIZWI MTU.

Basi Korongo akapewa vitu vyake, akaruka, akarudi na adapta mpya zinazometameta. Ya kwanza alipewa Pimbi. Akaichomeka polepole. Tiii! Kijitaa cha kijani kikawaka, na chumba kizima kikajaa sauti ya bibi yake, ya kukwaruza kidogo, ileile. Pimbi alilia kwa furaha, hakuona haya.

Wimbo ulipofika katikati, bibi akanyamaza. Kisha akasema, akicheka: "Lala sasa, wewe na maswali yako. Iko siku yatakufaa."

Adapta ile Pimbi hakuirudisha. Majirani walikuja kuiazima, na kila aliyeirudisha aliitia ndani ya kikapu, na ndizi juu yake.

Na nyie mnaosikiliza, shikeni hili: ukarimu wa mwenzako ni sahani ya jirani, ukishakula usiirudishe tupu.