Pipa la Fundi Mhema

Upepo ukizungushwa hutua mzigo.

Mmemsikia Mama Chengula akimwambia mwenzenu Lusungu maneno hayo sasa hivi, Lusungu alipotoka hapa mbio kwenda kugombana na baba mkwe wake. Mmecheka, kisha mmeniuliza yametoka wapi. Yametoka hapahapa, kwenye karakana hii. Kaeni juu ya mbao niwaambie.

Wakati ule bwana wa karakana alikuwa Fundi Mhema, nami nilikuwa msaidizi wake. Jirani yetu alikuwa huyu Mama Chengula, na kilabu chake cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kilikuwa palepale kilipo sasa. Tulikuwa na feni kubwa ya kufyonza vumbi la mashine za kuranda mbao. Ililisukuma kwenye bomba mpaka kwenye mifuko ya kitambaa iliyoning'inia ukutani, upande wa kilabu. Kitambaa kazi yake ni kupitisha hewa na kuzuia vumbi. Lakini kila kitu kiliingia pamoja, vumbi laini na maranda mazito. Mifuko ikajaa upesi, hewa ikakosa pa kutokea, mishono ikapasuka. Mhema akashona mifuko mizito zaidi. Hiyo ikaziba upesi kuliko ile ya kwanza.

Kila mshono ulipopasuka, vumbi lilitua kwenye makopo ya wanywaji.

"Mama Chengula," mmoja alisema, "ulanzi wa leo unatafunwa!"

Wateja wakaanza kuhamia kilabu cha ng'ambo. Mama Chengula akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akaja kutuambia bila kuzunguka: vumbi likifika kilabuni tena, karakana ihame. Tungehamia wapi? Umeme ulikuwa umeishia hapa.

Mhema akaamua mifuko ihamie nyuma, mbali na kilabu. Bomba letu lilikuwa la kunyooka tu, halikuweza kukata kona. Akatafuta pipa tupu lenye kifuniko, akasema upepo uingie ubavuni na utokee juu, kisha uende kwenye mifuko. Pipa lingekuwa kona yetu.

Ila mahali pa kuliweka palikuwa na kisiki cha mkaratusi, na kisiki kile kilikuwa kimeshinda mashoka ya watu wengi. Tukalisogeza pipa pembeni. Sasa bomba halikulielekea pipa katikati, bali liliingia kwa pembeni, likiambaa na ukuta wake.

"Fundi, limekaa upande," nikasema.

"Liingie shavuni," Mhema akajibu. "Upepo hauna macho."

Asubuhi tukawasha. Pipa likanguruma, kisha likaanza kucheza kama kayamba. Mifuko ikavimba vizuri, lakini nilipoishika ilikuwa myepesi.

"Maranda yako wapi?" Mhema akapiga kelele. "Feni imekataa kuyavuta!"

Wakati huohuo tukamsikia Mama Chengula getini. Kelele za pipa zilikuwa zimemtoa kilabuni na kopo mkononi.

"Mhema! Leo utakunywa wewe vumbi lako!"

Lori la magogo lilikuwa limeziba geti. Mhema akazima feni, akamjibu kutoka ndani, "Zunguka nyuma, dada!"

Mnaijua njia ya nyuma. Inapita mashamba ya maharage na milango ya watu, na huku kwetu hupiti mlango wa mtu bila salamu. Tulimsikia akienda. Kwanza "Kamwene!" ya hasira, kama mtu anayetupa jiwe. Mlango wa pili akaulizwa habari za watoto, naye akauliza za ng'ombe. Mlango wa tatu tukasikia kicheko. Alipotufikia alikuwa na fungu la majani ya maboga kwapani, na kopo amelisahau kwa watu.

"Nilikuja kukupiga," akamwambia Mhema.

"Nipige basi."

"Nitakupigaje? Hasira imebaki kwenye maharage huko."

Tukafungua pipa. Maranda yalikuwa yamejaa chini. Upepo ulipoingia kwa pembeni ulilizunguka pipa, ukayabana yale mazito ukutani mpaka yakachoka na kuanguka. Mifuko ilipata unga laini tu, na huo iliuweza.

Mama Chengula akachota maranda kwa mikono miwili, akaliangalia pipa, akaiangalia njia aliyopitia. Akaanza kucheka mpaka majani ya maboga yakamdondoka.

"Kumbe mimi na huu upepo ni ndugu!" akasema. "Ukizungushwa, hutua mzigo."

Jioni mwenyekiti alikuja kilabuni kukagua. Akaletewa kopo, akalichungulia, akanywa, akalichungulia tena.

"Mwenyekiti, umeona vumbi?" Mhema akamuuliza.

"Sijaona vizuri. Niongezeeni."

Tulicheza ngoma pale mpaka Mama Chengula akatufukuza. Karakana haikuhama, na maranda yetu ndiyo yanayowasha moto wake hadi leo.

Haya, angalieni kule kwenye maharage. Si Lusungu yule? Mama Chengula amempitisha njia ya nyuma, na naona ameshasimama mlango wa pili anasalimia. Akifika kwa mkwewe atakuwa amebaki na neno lake moja tu, na hilo mzee ataliweza.

Upepo ukizungushwa hutua mzigo.