Mtani Aliyelala Kaburini

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale mapema. Hadithi hii ikisimuliwa na mwingine hupoa kama ugali wa jana. Hapa mtaila ikiwa moto.

Nchi ya Uvungwe ilikuwa na watu watatu mashuhuri. Nantumbu alikuwa fundi wa baruti. Akinusa tu kiganja cha ule unga mweusi, alijua utalipuka au utakohoa. Mkalinga alikuwa mshika shoka wa vita, na pigo lake halikurudiwa. Wa tatu, Mwanjisi, hakuwa na kitu ila mdomo. Lakini mdomo gani! Alikuwa Msinde, na Wasinde ni watani wa Wavungwe. Angeweza kumwita mtemi kiroboto mbele ya wake zake, na mtemi akacheka, apende asipende.

Mtemi alipokufa, wanawe wawili, Ngwatu na Chiponde, waligombea kiti. Vita vikaila nchi. Kijiji cha Mwanjisi kiliteketezwa, na mumewe akakatwa kichwa na shoka la Mkalinga. Yeye na waliosalia wakajificha mapangoni, wakila mizizi, wakizika watoto. Katika nchi nzima lilibaki bonde moja tu ambalo halikuungua.

Sasa sikilizeni jinsi vita vilivyovunjika.

Ngwatu alikuwa na mzinga aliouita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuujibu. Nantumbu ndiye aliyeulisha. Siku moja aliokota kiatu cha mtoto kwenye kifusi, na mguu ulikuwa bado ndani. Asubuhi ya vita vya kivukoni akachanganya baruti na majivu. Mama Mkwe akakohoa mara ya kwanza, akakohoa tena, kisha akapasuka. Kiganja cha Nantumbu kikaruka pamoja na vichwa vya wapiga mzinga, na wenzake waliokuwa wakivuka wakachinjwa majini hadi mto ukawa mzito. Ngwatu akakimbia.

Chiponde, kwa kiburi cha ushindi, akapanga mateka kingoni mwa mto. "Kata!" akamwambia Mkalinga, mshika shoka wake.

"Nimechoka, bwana mkubwa."

"Umechoka kukata au umechoka kuishi?"

Mkalinga akainua shoka. Safari hii likashukia shingo ya Chiponde, na kichwa kikabingirika hadi miguuni pa mateka wa kwanza. Walinzi wakamrukia Mkalinga kwa mikuki, wakamtoboa jicho. Akajitosa mtoni, akaponea humo.

Mngedhani yameisha? Thubutu! Makapteni wa Chiponde waliapa kwamba akishazikwa tu, watachovya mikuki kwenye udongo wa kaburi na kuanza upya. Ngwatu naye akaja mazikoni, kwa kuwa ndugu lazima atupe udongo. Akaja na jeshi zima. Majeshi yakazunguka shimo, vidole vikiwawasha.

Mwanjisi akapenya katikati yao, akatumbukia kaburini, akajilaza juu ya maiti.

"Mnamzika kitambi huyu bila kumlipa mtani wake? Hasogei mtu!"

Wazee wakacheka kwa mazoea. Askari hawakucheka.

"Toka, mama, tuna kazi," akafoka kapteni mmoja.

"Kazi gani, wewe pua ya fuko? Kwanza kajifunze kufunga shuka."

Kapteni akapandwa na wazimu, akamchoma mkuki pajani. Damu ikamwagikia sanda. Uwanja mzima ukarudi nyuma hatua moja, maana Mvungwe akimwaga damu ya mtani mazikoni, ukoo wake wote hulipa atakachotaja mtani. Na kapteni yule, Ngwatu na Chiponde walikuwa ukoo mmoja.

"Taja," Ngwatu akasema.

Mwanjisi alikuwa akivuja damu, lakini mdomo ulikuwa mzima. "Mikuki yote humu ndani. Na bunduki. Hata hicho kisu ulichokificha kiunoni, shemeji."

Ngwatu akatupa wa kwanza. Wakamtoa Mwanjisi, na kaburi likajaa chuma.

Vita vikaisha hapo. Ngwatu akachomeka jembe kwenye lile bonde. "Atakayepewa jembe hili, bonde ni la watu wake. Ni dogo, ukiligawa wote watakufa njaa."

Nantumbu akanyoosha mkono uliobaki, akaushika mpini. "Bila mimi, mzinga ungewamaliza nyote, na kaburi la nani mngelizunguka?"

Mkalinga akageuza jicho lake moja. "Bila mimi, mngemzika nani? Chiponde angekuwa hai bado, akichinja."

"Bila mimi," Mwanjisi akasema, akichechemea, "mngekuwa mnachinjana mpaka leo." Nyuma yake, watu wa mapangoni walikaa wakingoja, watoto matumbo matupu. Mbele yake, kwenye mpini, ulikuwa umetua mkono uleule uliomwua mumewe. Kwa mara ya kwanza maishani, utani ukamkataa mdomoni.

Ngwatu akawatazama, akashindwa. Mpaka sasa mikono mitatu iko juu ya mpini, na mvua zinakaribia.

Haya, ninyi mnaojifanya majaji: jembe mngemkabidhi nani?