Karani Aliyechomoa Flashi

Kulikuwa na karani mmoja wa usharika, ndugu zangu, mtu mwepesi wa miguu. Kengele ikilia, yeye yuko mlangoni. Ukimwita leo, utadhani alifika jana.

Kitabu cha ubatizo cha usharika ule kiliingiliwa na mchwa. Karani akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, miaka arobaini ya majina, kabla mchwa hawajamaliza kazi yao. Picha zote akaziweka kwenye flashi moja. Ukurasa mmoja aliupenda kuliko zote, ule wa ubatizo wake mwenyewe. Mama yake hakujua kuandika, kwa hiyo chini ya jina la mtoto aliweka dole gumba. Mama alishazikwa, hakuacha picha wala barua. Alama yake duniani ilikuwa ile tu.

Siku moja flashi ikagoma. Kompyuta ya ofisi ilitumia Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Ikamwambia kwamba flashi inasomeka lakini haiandikiki. Wiki iliyofuata haikusomeka kabisa. Karani akaipuliza, akaifuta kwa shati, akailaumu: vitu vya siku hizi ni vya bandia. Mwishowe akamwita binti mmoja fundi.

Fundi hakuanza na flashi. Alifungua daftari ambalo kompyuta ile hujiandikia yenyewe: nini kimeingia, nini kimetoka, saa ngapi.

"Mzee, hii unaitoaje?"

"Naichomoa tu, binti yangu. Kwani inatolewaje?"

"Huiagi kwanza? Kuna mahali pa kubofya, pameandikwa 'ondoa salama'. Tazama hapa. Jumapili, imechomolewa ikiwa bado inaandikwa. Jumatano, hivyo hivyo. Jumapili tena."

Karani akaona haya. Mtu mzima, aliyefundwa tangu utoto kwamba mgeni hatoki bila kuaga, anaumbuliwa na mashine.

"Kompyuta hizi husema zimemaliza kunakili," binti akasema, "kumbe mzigo mwingine bado ziko nao mkononi. Ukiaga, zinautua wote."

Akakaa nayo asubuhi nzima, hatua kwa hatua, mpaka ikafunguka. Dole gumba lile pale. Karani akalia bila kujificha. Lakini flashi imechoka, binti akamwambia, huenda isifunguke tena. Na kompyuta yenyewe kuukuu, imejaa hadi shingoni. Akachomeka flashi mpya, akaanza kuzihamishia picha huko.

"Mzee, usiiguse mpaka taa yake iache kumetameta, halafu uiage. Nakwenda kunawa mikono."

"Nimeelewa, binti yangu. Sirudii tena."

Na kweli alielewa. Mngempa mtihani angepata yote. Lakini kengele ya ibada ikalia. Kwenye skrini pameandikwa: imekamilika. Taa bado inametameta. Mnajua alifanya nini? Mkono ulifika kabla ya akili.

Baada ya ibada wakaifungua ile mpya, kwa maana ya zamani ilikuwa imekufa. Kurasa nyingi zilikuwemo. Ule wake ulikuwemo nusu. Juu, jina lake, linasomeka vizuri. Chini, mahali pa dole la mama yake, kijivu kitupu.

Tumcheke? Haya, tumcheke. Lakini tujiulize: karani yule alikosa mafundisho? Alifundishwa, akakubali, akalia machozi ya kweli, na hazikupita dakika kumi akachomoa tena. Alichokosa ni subira ya dakika moja, ya kungoja kile alichopewa kitue.

Sisi je? Mhubiri akifunga Biblia tunasema imekamilika. Nani amewaambia? Neno bado liko njiani, halijafika moyoni, na sisi tumeshasimama. Tukifika nyumbani tunalalamika: mbona sikumbuki kitu, mbona naomba na sibadiliki, mhubiri huyu hana upako. Flashi ya bandia, sivyo?

Kila Jumapili nasimama hapa mbele, na ninyi mnadhani siwaoni. Kuanzia wimbo wa mwisho, mstari wa nyuma umeshapungua nusu.

Wewe uliyeshika ufunguo wa pikipiki, urudishe mfukoni. Baraka bado.