Hewa ya Marehemu Makame

Makame bin Usi alipofariki, mwanawe Faki alikataa kumpa dada yake Subira fungu la sarafu za kidijitali zilizokuwa katika simu ya marehemu.

"Sheikh, hiyo ni hewa tu," Faki alimwambia Kadhi. "Si mali, haimo katika mirathi."

"Haya, kaka," alisema Subira. "Basi niazime simu nitazame picha ya baba."

Akapewa, akabonyezabonyeza kioo.

"Hewa yako inaijaza simu bure, kaka. Naifuta yote."

"We Subira, usifute! Hiyo ni mali ya baba!"

Kadhi akaandika: mali ya baba, igawiwe warithi wote.

Subira akamrudishia Faki simu. Ilikuwa imezimika tangu jana kwa kukosa chaji.