Kiboko Aliyeuita Upepo wa Kusi

— Ninayo hadithi, niitoe?
— Itoe.
— Ikiuma?
— Tumezoea.

Basi, palikuwa na Kiboko aliyejipa cheo cha Mkuu wa Upepo. Kila mwaka kabla ya masika alitoa tangazo: hanywi mtu bwawani mpaka alete majani ya kuuitia upepo wa kusi. Wanyama wakileta, yeye anakula, anapiga mwayo. Baadaye upepo unakuja na mvua, naye anapokea pongezi.

Mwaka huo majani yalikwisha, upepo ukachelewa. Digidigi akaja mikono mitupu, na mtoto wake ulimi umemkauka.

"Bwana Mkuu, anywe mtoto tu."

"Utaratibu, mama. Utaratibu."

Mjusi wa mawe, yule wa kichwa chekundu, akamnong'oneza Digidigi: "Upepo ule hauitwi na mtu. Jua limehamia kaskazini. Nchi kavu ya huko inashika moto upesi, bahari inachelewa. Hewa ya moto inapanda juu, hewa ya bahari inakimbilia pengo lake, imebeba maji. Sisi tuko njiani tu."

Kisha akamwendea Kiboko.

"Mheshimiwa, wanyama wameanza kukusema. Upepo hufuata joto, nawe umelala kwenye maji baridi. Utakuonaje? Panda jiweni."

Kiboko akapanda, puu. Jua likamkalia.

"Umefika?"

"Bado kidogo, Mheshimiwa."

Ngozi ikapasuka, kra.

"Umefika?"

"Bado kidogo, Mheshimiwa. Upepo unaulizia ofisi yako. Ukishuka sasa, utampokea nani?"

Kra, kra. Kiboko akafia pale pale, cheo kikiwa kamili.

Digidigi akamkimbiza mtoto majini. Mtoto hakumeza. Jioni upepo ukaja, vuuu, mvua ikamlowesha aliyekwisha kwenda.

Mwaka uliofuata, Mjusi yuko juu ya lile jiwe, anatikisa kichwa. Kila akitikisa, inasemwa, upepo umeidhinishwa. Hanywi mtu mpaka alete mchwa. Asiye nao, wanyama wenyewe wanamfukuza bwawani.

Digidigi akaja mikono mitupu.

"Si wewe uliyeniambia hauitwi na mtu?"

"Nilisema, dada. Wakati ule sikuwa na jiwe."

Basi wanangu, mkimwona anayetikisa kichwa juu ya jiwe, mheshimuni. Bila yeye, hewa itajuaje pa kwenda?

— Nimeitoa. Imeuma?
— Tumezoea.