Nafasi Zina Wenyewe

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba nina mfano mmoja. Vijana wa kwaya, nyie mliokaa karibu na mlango, msitoke kwanza. Leo nawasema nyinyi, na wazazi wenu wamo humohumo.

Kulikuwa na binti mmoja aliyesoma kilimo katika chuo kikuu cha binafsi. Chuo chenyewe si kikubwa, lakini masomo yamo ya kila namna: uuguzi, ualimu, biashara, na wale wa kompyuta ambao hata ugali wanakula macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Binti yetu alikuwa mwaka wa mwisho. Ukimwuliza habari za mnyauko wa nyanya, atakueleza mpaka uchoke wewe. Lakini yote hayo aliyajua kwenye daftari tu. Maabara ya kupima mbegu alikuwa hajaiona kwa macho yake, na huko nyumbani mama yake anapanda nyanya, zinanyauka, anang'oa, msimu baada ya msimu. Mama anamwuliza, "Mwanangu, si ndiyo unayosomea haya?" Binti anainama tu, anang'oa pamoja naye. Inauma, jamani.

Siku moja chuo kikabandika tangazo ubaoni. Wanafunzi watano wa kilimo, wa mwaka wa mwisho, watapelekwa miezi sita kujifunza kwenye maabara ya mbegu, chakula na malazi juu ya chuo. Anayetaka alete barua kwa mlezi wa wanafunzi. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni.

Wanafunzi wakajazana ubaoni. Wakafanya nini? Semeni wenyewe! Wakatoa simu, wakapiga picha. Tangazo likazunguka kwenye magrupu yao mpaka likamrudia aliyelipiga picha. Na chini yake kila mtu anaandika lilelile: "Hizo zina wenyewe." Mwingine, "Majina yalishapangwa kitambo." Nani kayapanga? Hakuna anayejua. Nani kayaona? Hakuna. Lakini ukisema uongo kwa sauti ya mtu aliyechoka, watu wanakuona una busara.

Binti naye akaamini. Hakuomba. Ila hasira ilimkaba, na Ijumaa mchana akakaa akaandika barua ya kurasa mbili, kali kama pilipili kichaa, akaipeleka mwenyewe kwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta maombi?"

"Hapana, mama. Nimeleta malalamiko. Sisi watoto wa wakulima tumechoka kusindikiza wenzetu."

Mama yule akaisoma mpaka mwisho. Hakukasirika. Akachukua funguo, akafungua sanduku la maoni lililoning'inia ukutani, barua zikamwagika mezani. Zote zinalalamikia upendeleo, zote zinamalizia "naomba kuwasilisha." Kisha akafungua sanduku la pili, la maombi. Tupu. Hata karatasi moja.

Binti akashika mdomo. "Wiki nzima, mama?"

"Wiki nzima. Kila siku naambiwa nafasi zina wenyewe, na mimi nakaa hapa nawangoja hao wenyewe, siwaoni."

"Sasa mimi nimechelewa. Saa tisa na nusu hii, na barua sina."

"Na hii je? Umeandika matokeo yako yote. Umeandika nyanya za mama yako. Umeandika kwa nini wewe unastahili kuliko hao unaowalaumu. Barua ya maombi nzuri kuliko hii sijaisoma mwaka huu. Imekosewa mstari mmoja tu."

Akamwonyesha kwa kidole pale juu palipoandikwa: YAH: MALALAMIKO. Akampa kalamu. Binti akakata neno lile akaandika juu yake: MAOMBI.

Kisha akatimua mbio hadi bwenini kuwaita wenzake. Watatu wakamfuata, wanaandika huku wanatembea. Lakini yule aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja akajifunika shuka: "Shoga, hebu niache. Zina wenyewe hizo."

Saa kumi kamili mama akafunga sanduku. Maombi manne. Nafasi tano! Wote wanne wakaenda, na binti yetu siku hizi mama yake akimwuliza, anajibu. Lakini kule maabara kulikuwa na kitanda cha tano. Kilitandikwa miezi sita, hakuna aliyekilalia. Niambieni, wapendwa, kile kilikuwa na mwenyewe?

Msimcheke yule wa shuka. Sisi ndio yeye. Tumekata tamaa, tukaipa jina zuri, tukaiita kuijua dunia. Sikilizeni hata sala zetu: tunamweleza Mungu nani kapendelewa, nani katuonea, jirani kapata nini. Tunamweleza vizuri, kwa machozi, halafu tunasema amina bila kumwomba kitu! Sikatai, upendeleo upo, nimeuona, umeniuma na mimi. Lakini safari hii mlango ulikuwa wazi, na tulioufunga ni sisi kwa midomo yetu. Ndugu yangu, yale machungu uliyonayo hayajapotea bure. Humo ndani mna kila kitu unachokihitaji. Geuza mstari wa kwanza tu.

Na mimi nina tangazo. Fomu za udhamini wa masomo ya chuo ziko kwa mzee wa kanisa, pale mlangoni, tangu Jumapili iliyopita. Nimemwuliza asubuhi hii. Ameniambia zote bado zipo.

Haya, tusimame tuombe. Lakini anayeitaka fomu asifumbe macho pamoja na sisi. Aende sasa hivi akaichukue, Mungu atamsikia hukohuko mlangoni.