Kitabu cha Ndege wa Kwanza

Si kale sana, maana ndege zilikwisha kuruka, Bwana Mbaruku alijaza kabati lake vitabu vikuukuu vya marubani wa mwanzo. Hakusoma hata kimoja. Alitaka wageni wavione tu.

Akasikia kwamba Bi Mize, muuza vitabu aliyekuwa mpangaji wake, anacho kimoja adimu. Akamwendea, na majirani wakasogea kusikiliza.

"Nipe, au uhame kesho!"

"Na nikikupa, bwana?"

"Sikuhamishi maisha. Wallahi!"

"Basi taja unachotaka mbele ya majirani hawa, wasije wakasema nimekughilibu."

Mbaruku akatanua kifua. "Nataka kitabu cha kale cha watu waliorusha ndege wa kwanza!"

Majirani wakaitikia kwamba wamesikia. Bi Mize akamkabidhi kitabu, kimefungwa kwa hariri.

Jioni Mbaruku akakifungua mbele ya wageni, nao wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Akarudi kwa Bi Mize anahema.

"Laghai wee! Humu mna njiwa wa kupeleka barua watupu!"

"Wa kwanza kabisa kurushwa, bwana. Ulisema ndege *wa* kwanza, majirani wamesikia. Ungesema ndege *ya* kwanza, ningekupa hiki." Akakitoa kwapani kile cha marubani, akakipangusa vumbi, akakirudisha. "Silabi moja tu, nawe umeanguka kabla hujapaa."